Mboga Ikishapigwa Dawa, Ipewe Siku Zake

Kwa kaya za Kiseke, zinazolima na zinazonunua

Mchicha hukua upesi. Wiki tatu au nne baada ya kusiwa unafaa kuchumwa, na ukikatwa huchipua tena. Hatari imejificha hapo: wadudu hawaachi kula, wateja hawaachi kuja, na jani lililopigwa dawa juzi laweza kuwa sokoni leo.

Dawa haikai kwenye jani milele. Jua huivunja, maji huitengua, nyingine hupeperuka kwa joto, na mmea wenyewe una vimeng'enya vinavyoisaga. Chukua mfano wa dawa inayopungua nusu kila baada ya siku 3. Siku ya 9 itakuwa imebaki sehemu moja kati ya nane. Lakini aliyechuma siku moja tu baada ya kupiga dawa amepeleka jikoni zaidi ya robo tatu yake. Kila dawa ina mwendo wake, na kwenye kibandiko cha chupa huandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Siku zilizoandikwa kwa ajili ya nyanya si za mchicha. Kama mboga yako haikutajwa kwenye kibandiko, dawa hiyo usiipige kabisa.

Kuvunjika nako si kupona papo hapo. Daimethoeti ikianza kuvunjika ndani ya mmea hutoa omethoeti, yenye sumu kali kuliko yenyewe. Mankozebu, dawa ya ukungu, ikichemshwa hugeuka kuwa kemikali inayodhuru tezi ya shingo. Kwa hiyo msidanganyike kwamba moto wa jiko utamaliza kila kitu.

Oshani mboga kabla ya kuikatakata, jani moja moja, kwa maji safi yanayomiminika, mkisugua kwa vidole pande zote mbili. Kabichi ivueni majani ya nje. Sabuni msitumie. Maji huondoa vumbi na dawa iliyobaki juu ya jani. Iliyonyonywa na mmea haitoki kwa kuoshwa, bali kwa siku alizosubiri mkulima.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu za kuulia wadudu zilizotumiwa kuvulia. Mnunuzi wa mbali alihoji, na uvuvi wa sumu ukabanwa. Mboga ya genge nayo inahitaji wa kuihoji: "Mama, hii imepigwa dawa lini?" Muuzaji anayeulizwa kila siku atamuuliza mkulima wake.

Unayelima kwenye viroba, viwavi waokote kwa mkono asubuhi. Ukilazimika kupuliza, andika tarehe ukutani, na kila mtu nyumbani aijue.

Mtu akila mboga kisha akatoka jasho jingi, udenda, akatapika, mboni za macho zikasinyaa au pumzi ikabana, asinyweshwe maziwa wala kutapishwa. Mkimbizeni kituo cha afya, na kama chupa ya dawa ipo, nendeni nayo.