SOMO LA NYUMBANI NA OFISINI: MADOA YA VINYWAJI KATIKA MIKOBA NA POCHI

Katika vyama vingi, mkoba wa katibu au wa mhazini ndio sanduku la hati kila mkutano unapofanyika mbali na ofisi. Ndani yake mna kitabu cha stakabadhi, muhuri, na pengine fedha za wanachama. Mkoba huo huwekwa juu ya meza ileile inayoandaliwa chai. Kikombe kikipinduka, hasara si ya ngozi peke yake.

Kwa hiyo doa lenyewe lingoje kidogo. Kwanza toeni kila kilichomo. Karatasi zilizogandamana zisivutwe kwa nguvu. Zilazwe kivulini penye hewa, juu ya karatasi nyeupe kavu, na zitenganishwe kadiri zinavyoachana zenyewe. Gazeti lisitumike, kwa kuwa wino wake huhamia. Stakabadhi iliyofutika maandishi isiandikwe upya na katibu akiwa peke yake. Itunzwe ilivyo pamoja na nakala yake ya kaboni, tukio liandikwe siku hiyohiyo, na mwenyekiti na mhazini watie sahihi. Mkaguzi akikuta karatasi yenye doa na maelezo yake, ataelewa. Akikuta karatasi mpya yenye tarehe ya zamani, ana haki ya kuuliza maswali, na katibu mwaminifu atajikuta akijitetea kwa sababu ya kikombe cha chai.

Sasa mkoba. Ukiwa wa ngozi, gandamizeni doa kwa kitambaa kikavu cheupe ili kinywe unyevu. Msisugue, maana kusugua hulisukuma doa ndani na kuchubua rangi. Kisha pangusieni kitambaa kilicholoweshwa kwa maji baridi na kukamuliwa sana, chenye sabuni laini kidogo. Pangusieni upande mzima, si mahali pa doa tu, ama sivyo maji yenyewe yataacha alama ya duara. Anikeni kivulini. Ngozi iliyolowa ikiwekwa karibu na moto au juani hunywea, hukakamaa na kupasuka, na hapo hakuna dawa. Ikishakauka, paka nta ya viatu isiyo na rangi. Mafuta ya kupikia hayafai: hubaki kama doa jipya na baadaye hunuka.

Chai na kahawa nyeusi zina tanini, ambayo ni ya ukoo mmoja na dawa itokayo katika magome ya miwati ambayo viwanda hutumia kutengenezea ngozi. Ndiyo sababu rangi yake hushika sana. Tanini ikikutana na chuma na unyevu hutoa weusi kama wino. Basi kausheni upesi mahali penye bizimu au misumari ya chuma.

Pochi za turubai au pamba ni rahisi zaidi. Geuzeni bitana nje, suuzeni kwa maji baridi, kisha fueni kwa sabuni. Chai ya maziwa isianzwe kwa maji ya moto, kwani maziwa huiva na kung'ang'ania nyuzi. Doa la tanini likibaki, tieni kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe katika kikombe kimoja cha maji, jaribuni kwanza mahali pasipoonekana, kisha gandamizeni na kusuuza. Soda hudanganya: ikikauka huenda isionekane, lakini sukari yake huita sisimizi na baada ya siku nyingi hugeuka hudhurungi. Isuuzweni hata kama hamwoni kitu.

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo iwe mbali na ngozi na mkonge. Wala isichanganywe kamwe na siki, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Neno la mwisho ni kwa vikundi vya wanachama wanaosuka mikoba ya mkonge na ukili kwa ajili ya kuuza. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893, na tangu hapo tumeufanyia kazi za kila namna, lakini nyuzi zake hunywa maji upesi na kuonyesha kila tone. Mkoba wa mkonge usiloweshwe. Kausheni doa kwa kitambaa, nyunyizeni unga mkavu wa wanga uvute unyevu uliobaki, kung'uteni, ndipo mpanguse kwa kitambaa chenye unyevu mdogo. Nyuzi zilizotiwa rangi zijaribiwe kwanza, kwa sababu rangi nyekundu na nyeusi zinaweza kuchuja na kuharibu nyeupe zilizo jirani. Mkoba ambao doa lake halikutoka utengwe, uuzwe kwa bei yake, wala usifichwe katikati ya robota la daraja la kwanza; mnunuzi hulifungua robota lote. Chai ya wasukaji na inywewe nje ya chumba cha kazi.