Dondoo muhimu: Maandishi ya Tundu katika Mchoro wa Kompyuta

Mchoro upelekwao kwa fundi wa chuma pale Olympic, Kibera, hautimizi wajibu wake iwapo mshika kekee hawezi kuufahamu bila ya kuuliza. Kwa hiyo, kabla ya kuuchapisha, zingatia haya:

• Rekebisha mtindo wenyewe, wala si maandishi ya tundu mojamoja. Katika programu ya Autodesk Inventor maandishi hayo hutawaliwa na mtindo wa vipimo, nao ukibadilishwa mara moja, maandishi ya matundu yote yatumiayo mtindo huo hufuata.

• Tanguliza idadi, kisha kipenyo, kisha kina: “4 × ⌀9, kina 20”, na tundu lipitalo hadi upande wa pili liandikiwe “kupenya”.

• Tundu la hesi ya kawaida ya M8 hutobolewa kwa kekee ya milimita 6.8, ilhali la kuipitisha bolti ya M8 kwa wasaa hutobolewa kwa milimita 9. Taja kipimo cha kekee bayana, fundi asije akakisia na chuma kikaharibika.

• Hifadhi mtindo katika kiolezo, kisha chapa nakala moja, umpe fundi aisome mbele yako, na lolote litakalomtatiza ulisahihishe kabla ya kazi kuanza.