Siku 14 za Kwanza za Mwanafunzi Japani

Chuo umepata, viza imegongwa, tiketi iko mkononi. Wengi hapo hupumua wakidhani shughuli imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Makaratasi ya Japani hushikana: ukiruka moja, la pili halipokelewi. Yamalize mapema, kwa mpangilio huu.

Uwanja wa ndege. Ukitua Narita, Haneda au Kansai, Uhamiaji watakupa kadi ya ukaazi palepale. Kabla hujaondoka dirishani, kabidhi fomu ya kuomba ruhusa ya kufanya kibarua. Ukiiacha, itakubidi uifuate baadaye ofisi ya Uhamiaji. Ruhusa hugongwa nyuma ya kadi: saa 28 kwa wiki wakati wa masomo, saa 8 kwa siku wakati wa likizo ndefu. Kumbi za pachinko (mchezo wa kubahatisha) na baa za starehe za usiku ni marufuku, hata kama kazi yako ni kuosha vyombo tu. Kadi hiyo tembea nayo kila uendako.

Ofisi ya manispaa. Tangu uhamie kwenye makazi yako, una siku 14 za kuandikisha anwani. Nenda na pasipoti, kadi, na anwani iliyoandikwa kwa Kijapani. Usitoke humo kabla ya kumaliza mengine mawili. La kwanza ni bima ya afya ya taifa: ukiugua, kwa matibabu ya kawaida unalipa asilimia 30 ya gharama. La pili ni pensheni, ambayo humhusu kila mkazi wa miaka 20 hadi 59. Mwanafunzi asiye na kipato huruhusiwa kuahirisha michango, lakini lazima aombe. Mwambie mhudumu “gakusei nofu tokurei”. Ukinyamaza, bili zitakufuata nyumbani.

Jina lako. Hapa ndipo wengi wetu hukwama. Benki hutaka jina kwa herufi za katakana, na majina yetu huandikika kwa namna zaidi ya moja. Mwanaisha akiwa Muwanaisha benki na Muanaisha kwa mwajiri, mshahara unaweza kurudi ulikotoka. Chagua tahajia moja, mpangilio mmoja wa majina yote matatu, uandike kwenye daftari na unakili hivyohivyo kila mahali.

Benki na sanduku la barua. Wanafunzi wengi huanzia Japan Post Bank. Kadi ya benki huletwa kwa posta, kwa hiyo bandika jina lako kwenye sanduku la barua siku ya kwanza. Mleta barua asipoliona anaweza kurudisha bahasha.

Taka. Omba kalenda ya taka palepale manispaa, kwani kila mji una siku zake. Chupa ya maji ya plastiki ina hatua zake: ng'oa kifuniko, chana lebo, suuza, kisha ibonyeze. Ukichanganya taka, mfuko wako utaachwa kando ya njia ukiwa na stika ya onyo, na majirani wataujua ni wa nani.

Ukija kuhamia mji mwingine, anza kwa kutoa taarifa manispaa ya zamani. Ukishahamia, siku 14 zinaanza kuhesabiwa upya.