Mtoto Akiumia Ubongo Wakati wa Kuzaliwa: Haki ya Fidia na Namna ya Kuidai

Kijitabu cha elimu kwa wazazi na walezi, Tanzania Bara

Kwa nini tumekiandika

Mzazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo husikia maneno mengi. Wapo wanaomwambia ni mapenzi ya Mungu, wapo wanaomnong'oneza kuwa kuna mkono wa mtu. Imani ya kila mzazi tunaiheshimu. Hata hivyo, lipo swali ambalo mzazi ana haki ya kuliuliza hospitalini na mahakamani: je, uchungu wa mama ulifuatiliwa inavyotakiwa, na mtoto alihudumiwa kwa wakati?

Kijitabu hiki kinaeleza jinsi ya kulitafutia jibu swali hilo, na hatua za kuchukua jibu likionyesha kuwa palikuwa na uzembe.

Ubongo wa mtoto huumiaje?

Mtoto akiwa tumboni hupata oksijeni kupitia kondo la nyuma na kitovu. Uchungu ukikwama, kitovu kikitangulia kutoka, kondo likiachia kabla ya wakati au mji wa mimba ukichanika, oksijeni hupungua na ubongo huanza kuumia. Dawa ya kuongeza uchungu ikitolewa kupita kiasi bila uangalizi, nayo huweza kumkosesha mtoto hewa.

Hatari haziishii kwenye kuzaliwa. Mtoto asiyepumua akicheleweshewa msaada, sukari ikishuka bila kugundulika, au manjano ikizidi bila kutibiwa, ubongo unaweza kupata madhara ya kudumu.

Dalili za mwanzo ni mtoto kutolia, kulegea, kushindwa kunyonya, au kupata degedege katika siku za kwanza. Baadaye huchelewa kukaza shingo, kukaa na kutembea.

Si kila jeraha ni uzembe

Tuliseme hili wazi ili mzazi asipoteze fedha na miaka kwa shauri lisilo na msingi. Mtindio wa ubongo huweza kutokana na mtoto kuzaliwa njiti, maambukizi wakati wa ujauzito, au hitilafu za kurithi. Pia dharura inaweza kutokea ghafla, wahudumu wakafanya yote yanayotakiwa, na bado mtoto akaumia.

Uzembe ni kushindwa kutoa huduma ya kiwango ambacho mtaalamu makini wa taaluma hiyo angetoa katika mazingira yale. Kipimo hiki kilielezwa katika shauri la Bolam huko Uingereza mwaka 1957, na mahakama za nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, ikiwemo yetu, hukirejea.

Mdai anatakiwa kuthibitisha mambo matatu:

1. Hospitali au mhudumu alikuwa na wajibu wa kumhudumia mama na mtoto. Mama akishapokelewa wodi ya wazazi, wajibu huo upo.
2. Huduma ilikuwa chini ya kiwango.
3. Upungufu huo ndio uliosababisha jeraha.

Jambo la tatu ndilo huwashinda wadai wengi. Kuonyesha kwamba muuguzi alichelewa hakutoshi. Ni lazima kuonyesha kwamba asingechelewa, yaelekea mtoto asingeumia. Mahakama haidai uhakika usio na shaka kama katika kesi ya jinai; hutazama upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli.

Faili ndilo shahidi mkuu

Wakati wa uchungu, wahudumu hujaza chati inayoitwa patografu. Humo huandikwa njia ilivyofunguka, kichwa kilivyoshuka, na mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Uchungu ukishakolea, mapigo hayo hutakiwa kusikilizwa angalau kila nusu saa, na mara nyingi zaidi mama anapoanza kusukuma. Baada ya kuzaliwa, mtoto hupewa alama za Apgar, kati ya 0 na 10, katika dakika ya 1 na ya 5.

Chukua mfano wa kubuni. Chati inaonyesha mapigo yalisikilizwa saa 8 usiku yakiwa 140. Maandishi yanayofuata ni ya saa 11 alfajiri, yakiwa 80. Upasuaji unafanyika saa 1 asubuhi, mtoto anatoka na alama 2. Daktari bingwa akisoma chati hiyo atauliza: kwa nini saa 3 zilipita bila kipimo? Baada ya hatari kuonekana, kwa nini saa 2 nyingine zikapita? Hapo kuna jambo la kujibiwa.

Mfano mwingine: mapigo yameandikwa kila nusu saa, kitovu kinatangulia ghafla, mama anaingizwa chumba cha upasuaji mara moja, na mtoto anasaidiwa kupumua papo hapo. Mtoto anaweza kuumia vilevile, lakini hapo ni vigumu kusema kuna uzembe.

Kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika 1 ya kwanza, kwa mfuko na barakoa ndogo, si utaalamu wa nchi tajiri pekee. Mafunzo ya huduma hiyo yalianza kutolewa nchini mwaka 2009, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa katika hospitali 8 za Tanzania, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Kwa hiyo ni haki kuuliza kama msaada huo ulitolewa.

Hatua za kufuata

1. Matibabu kwanza. Mpeleke mtoto kwa daktari wa watoto na aanze mazoezi ya viungo mapema. Mtoto asisubirishwe kwa sababu ya shauri.

2. Omba nakala za faili kwa maandishi. Andika barua kwa mganga mfawidhi ukitaja patografu, maelezo ya upasuaji, kumbukumbu za wodi ya watoto wachanga na karatasi ya ruhusa. Baki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake.

3. Andika unayokumbuka. Saa mliyofika, nani aliita msaada, mliambiwa nini. Shangazi au bibi aliyemsindikiza mama naye aandike yake. Tunzeni kadi ya kliniki na kila risiti.

4. Muone wakili mapema. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ulizia wasaidizi wa kisheria katika ofisi za halmashauri yako.

5. Pata maoni ya daktari bingwa asiyehusika. Bila shahidi mtaalamu, shauri la namna hii ni gumu sana kushinda.

6. Peleka malalamiko ya kitaaluma ukitaka. Baraza la Madaktari Tanganyika hushughulikia madaktari. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania hushughulikia wauguzi na wakunga. Mabaraza haya huchunguza na kuadhibu wanataaluma. Fidia hutafutwa mahakamani au kwa makubaliano.

Nani hushtakiwa, na wapi?

Mwajiri huwajibika kwa makosa ya mfanyakazi wake aliyoyafanya kazini. Hivyo hospitali binafsi inaweza kushtakiwa pamoja na mhudumu.

Kwa hospitali ya Serikali, kwanza hutolewa notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, ikieleza msingi wa madai, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kisha shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Ukiruka hatua hii, shauri linaweza kuondolewa kabla halijasikilizwa.

Mtoto hashtaki mwenyewe. Shauri hufunguliwa kwa jina lake kupitia mtu mzima, kwa kawaida mzazi, anayeitwa rafiki wa karibu.

Muda hausubiri

Madai ya madhara kama haya yana ukomo wa miaka 3. Madai ya kulipwa fidia kwa jambo lililofanywa katika kutekeleza sheria yana ukomo wa mwaka 1 tu, na hoja hiyo huweza kuibuliwa dhidi yako. Sheria humlinda mtoto kwa kuhesabu muda wake baada ya kutimiza miaka 18, lakini madai ya mama mwenyewe hayana kinga hiyo. Isitoshe, mafaili hupotea na wahudumu huhamishwa. Jitahidi umuone wakili kabla mtoto hajatimiza mwaka 1.

Fidia hulipia nini?

Fidia mahsusi ni gharama zinazohesabika: matibabu, nauli, dawa, kiti cha magurudumu. Lazima zitajwe kwenye madai na zithibitishwe kwa risiti. Fidia ya jumla ni ya maumivu na maisha yaliyobadilika, na jaji huikadiria. Wakili asisahau matunzo ya miaka ijayo wala kipato cha mama aliyeacha kazi ili kumlea mtoto.

Jihadhari

- Usitie saini karatasi ya "kumaliza mambo" kabla wakili hajaisoma.
- Shauri likiwa mahakamani, makubaliano yanayomhusu mtoto huhitaji kibali cha mahakama, na fedha zake hazipokelewi bila kibali hicho.
- Usimtukane wala kumtisha mhudumu, na usitangaze jina lake mitandaoni.
- Asikudanganye mtu kwa kukuahidi ushindi au kiasi fulani cha fedha.

Neno kwa mzazi

Kuuliza si kumkosea adabu daktari wala mkunga. Wengi wao hufanya kazi usiku kucha wakiwa wachache, na shauri la haki huwasaidia hata wao, kwa kuwa huonyesha mahali ambapo wodi inahitaji watu na vifaa. Mtoto wako atahitaji matunzo kwa miaka mingi, na gharama hizo zisikuelemee peke yako ikiwa zilitokana na kosa la mwingine. Anza wiki hii: andika barua ya kuomba nakala za faili la mtoto wako.