Dondoo muhimu: Dawa za presha baada ya upasuaji wa moyo

• Pima presha asubuhi kabla ya kumeza dawa, baada ya kukaa na kutulia dakika 5. Andika vipimo na uende navyo kliniki.
• Usiache ghafla atenololi, bisoprololi au kavediloli. Mapigo yanaweza kwenda mbio na presha kupanda.
• Ukisahau dozi, usimeze mbili kwa mpigo.
• Inuka kitandani taratibu, maana dawa kadhaa kwa pamoja huweza kuleta kizunguzungu.
• Usinunue kiholela dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni: hupandisha presha na huweza kuumiza figo.
• Ukizimia, ukibanwa kifua au kushindwa kupumua, wahi hospitali.

Usijipunguzie dawa kwa kuwa unajisikia vizuri. Zungumza kwanza na daktari wako.