Askari Wakifika, Jisemee Mwenyewe

Wadogo zangu mlioko Marekani, leo tuongee habari ya kupiga 911. Wengine mnapiga kana kwamba mnamwita mjumbe wa nyumba kumi: aje amfokee bwana, amtishe kidogo, kisha watu walale. Kule hakuna kusuluhishwa. Oregon ilipitisha sheria yake mwaka 1977, na majimbo mengi yakafuata: askari akiona sababu ya kutosha kuamini kuna aliyepigwa, anatakiwa kumkamata aliyepiga, hata kama wewe unalia mlangoni kwamba umeshamsamehe. Na usidhani kesho utaenda kuifuta kesi. Ni ya mwendesha mashtaka, si yako.

Wanamjuaje wa kumkamata? Wanawatenganisha, mmoja jikoni, mwingine nje, kila mtu aeleze lake. Wanatazama majeraha, vitu vilivyovunjika, nani anamwogopa nani. Majimbo mengi yanawataka wamtafute mchokozi mkuu, ambaye si lazima awe aliyerusha kofi la kwanza.

Hapo ndipo tunapoumia. Amekukaba, alama za kukabwa huchelewa kutokea, pengine zisitokee kabisa. Wewe ulimng'ata mkono akuachie, na meno yako yanaonekana pale, mekundu. Yeye katulia, anamwaga Kiingereza. Wewe unatetemeka, unapayuka Kiswahili. Askari asiyejua kazi atamfunga nani pingu? Nyie wawili, au wewe peke yako!

Kwa hiyo omba mkalimani, mara nyingi huunganishwa kwa simu na hulipii kitu. Shemeji asikutafsirie, wala mtoto. Kama ulikabwa, taja: koo linauma, sauti imekwaruza, macho yaliingia giza, hata kama ulijikojolea. Najua ni aibu kumwambia mwanamume mwenye bunduki kiunoni, lakini askari waliofunzwa wanazitafuta dalili hizo hizo. Alama za meno pia zieleze, kwamba ulikuwa unatafuta pumzi.

Ila wakigeuka kukukamata wewe, funga mdomo, omba wakili. Na kama huna uraia, usikiri kosa eti utoke haraka ukanyonyeshe. Kuhukumiwa kwa kesi ya kumpiga mwenza kunaweza kukurudisha nyumbani kwa ndege, hata wenye green card. Mwulize kwanza wakili anayejua mambo ya uhamiaji. Namba ya msaada ya taifa ni 1-800-799-7233, usiku na mchana, na wakalimani wanao.