PDF YAKO INAGAWIWA BURE MTANDAONI? USIGOMBANE, FANYA HIVI



Nina duka dogo la vifaa vya keki, na mtandaoni nauza PDF ya vipimo vya keki, sh 10,000. Siku moja mteja akaniuliza, "Dada, mbona kitabu chako wanagawa bure huku?" Akanitumia linki. Kufungua, kurasa zote zipo! Kazi ya miezi minne. Nililia.

Kosa langu: nilimvaa aliyeposti kwenye grupu. Akafuta posti, nikajua nimeshinda. Kesho yake linki ileile iko magrupu matatu. Kumbe posti ni kibao tu, faili lenyewe limekaa kwenye tovuti ya kuhifadhi mafaili. Unang'oa kibao, nyumba bado ipo.

Dawa ni kumwandikia mwenye nyumba, yaani hiyo tovuti. Nyingi ni za Marekani au zinafuata utaratibu wa kule. Sheria yao ya DMCA ya 1998 inailinda tovuti isibebe kosa la mteja wake, ila ikipewa taarifa na mwenye kazi iondoe faili haraka. Shuka chini kabisa ya ukurasa, tafuta neno "Copyright" au "DMCA". Kisha andika:

1. Jina lako, imeili na simu.
2. Kazi yako ni ipi, unaiuzia wapi.
3. Linki kamili ya faili. Zikiwa tano, weka zote tano.
4. Kwamba unaamini kwa nia njema kuwa aliyeliweka hana ruhusa.
5. Kwamba maelezo ni ya kweli na wewe ndiye mwenye kazi. Hapa usidanganye, ni sawa na kiapo.
6. Sahihi yako.

Aliyeweka faili anaweza kupinga. Akipinga na wewe usipofungua kesi, linaweza kurudi baada ya siku 10 hadi 14 za kazi. Kwa hiyo tunza faili la mwanzo na skrinshoti zenye tarehe. Kwa Tanzania haki yako ipo hata bila kusajili, ila ukisajili COSOTA unapata ushahidi mzuri.

Langu liliondolewa. Wiki mbili baadaye likawekwa tena, nikaandika tena. Ni kama kufagia uwanja, haufagii mara moja. Sasa kila tarehe 1 natafuta jina la kitabu Google, na kila PDF ninayouza ina jina la mnunuzi kwenye kila ukurasa. Mtu anafikiria mara mbili kabla ya kuigawa.

Unauza PDF? Leo hii tafuta jina la kazi yako Google, uone.